Uzito wa Betri

Duka la Mzee Abdulkadiri lipo Biharamulo mjini, kwenye mteremko wa kutoka bomani kuelekea stendi, na hakuna dereva wa siku nyingi wa mji ule ambaye hajawahi kuingia humo kunyanyua betri. Nimesema kunyanyua, maana kununua kulikuja baadaye. Mteja aliinama kwanza, akashika mkanda wa betri, akaiinua mpaka usawa wa goti na kuisikilizia. Ikimvuta bega, Mzee alisema kwa kuridhika, "Hiyo ina madini ya risasi ya kweli ndani." Ikiwa nyepesi, hata kama ina maandishi ya dhahabu, aliisukuma rafu ya chini na hakuisifia kwa mtu.

Elimu hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyekuja Biharamulo kutoka Pangani akiuza mafuta ya taa na vitenge, kisha vipuri. Mzee mwenyewe aliikuza. Aliweza kufumbiwa macho, akapewa betri, akakutajia aina yake na kama ilikaa stoo muda mrefu. Watu walimjaribu na hawakumpata.

Binti yake Swabaha alikulia kati ya betri hizo. Alipomaliza shule alikwenda Mwanza kusomea umeme wa magari, akarudi na mita yake ya kupimia umeme begani, akaanza kazi mbele ya duka la baba yake, chini ya kibaraza cha bati. Mwanzoni madereva walimpita wakamwulizia fundi. Mzee aliwajibu kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Umempita sasa hivi. Rudi ukamsalimie." Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyeuliza tena.

Siku moja ya kiangazi lilifika gari ambalo mji mzima ulitoka kulitazama. Lilikuwa gari dogo la mbio, jekundu, la milango miwili na viti viwili, limeinama mbele kama mnyama anayenusa ardhi. Lilikuja taratibu mno, likikwepa kila shimo, mpaka waendesha bodaboda wakalipita wakicheka. Watoto walikuwa wameshalibandika jina: Swala.

Mwenyewe aliitwa Mhoja. Wazazi wake ni Wasukuma waliohama Shinyanga na ng'ombe wao wakatua Nyakisasa, na yeye alikuwa na lori lililobeba maharage na ndizi kutoka Murusagamba. Lori ndilo lililomlisha, na kwa lori hilo alizoea kuja kununua betri na maji ya betri kwa Mzee. Gari hili la mbio alilinunua kwa sababu tangu utoto alitaka gari la kwenda mbio, basi, hakuwa na sababu nyingine. Mama yake, Mama Yuster, alilizunguka siku ya kwanza, akachungulia nyuma, akauliza kwa lafudhi yake ya Kisukuma, "Gali gani halibebi hata gunia la maharage?" Tangu hapo hakulizungumzia tena, ikawa ni kidonda kidogo kwa mwanawe.

"Shikamoo Mzee," alisema Mhoja alipoteremka.

"Marahaba. Hilo nalo ni gari, au umelikata nusu?"

Mhoja alicheka, kisha akamgeukia Swabaha na kueleza shida yake. Mwezi uliofuata kulikuwa na mashindano ya magari kule Ngara, ya kupanda kilima. Madereva wangetoka Bukoba, Kahama, hata ng'ambo ya mpaka, Burundi. Injini ya Swala ilikuwa ndogo, asingeweza kushindana nao kwa nguvu. Alichoweza ni kulipunguzia gari uzito. Alikuwa ameng'oa zulia, tairi la akiba, redio, na hata kiti cha abiria alinuia kukitoa siku yenyewe.

"Likiingia kwenye kona, pua inakuwa nzito," alisema. "Naligeuza, lenyewe linataka kwenda moja kwa moja. Nimetoa kila kitu, sioni tena cha kutoa."

Swabaha alifungua boneti. Alitazama kwa kitambo, akagonga kwa kidole kitu kimoja kilichokaa mbele kabisa, pembeni, juu ya gurudumu la kushoto.

"Umetoa vyote, umeacha jiwe," alisema. "Hii betri ina karibu kilo kumi na tano, na imekaa pale pale unapolalamikia."

"Gari litawakaje bila betri?"

"Zipo za lithiamu. Ya gari kama hili haifiki hata kilo nne, na inapiga stata vizuri kuliko hii. Nilizisoma chuoni, nikafunga mbili Mwanza kwenye pikipiki kubwa. Niruhusu niiagize."

Mhoja alimtazama Mzee, kama ilivyo desturi ya watu wa Biharamulo kwa jambo lolote linalohusu betri. Mzee alikuwa anapanga chupa za maji ya betri na alijifanya hajasikia.

*

Betri ilifika kwa basi, ndani ya boksi ambalo Mzee alidhani ni la viatu. Dukani walikuwepo wateja kadhaa, na wote walisogea. Swabaha alipokata gundi, Mzee alinyoosha mkono. Ilikuwa haki yake, betri zote zilizoingia humo alizinyanyua yeye kwanza. Alitanua miguu, akaushika mkanda, akavuta kwa nguvu aliyoizoea. Betri ilipaa kama kuku aliyeshtuliwa, ikamgonga kidevu.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Swabaha hakucheka. Aliuona uso wa baba yake.

"Hili ni boksi tupu lenye stika," alisema Mzee, akiiweka chini.

"Ndani hamna risasi, Baba. Ndiyo maana."

"Naona kwamba hamna. Nimeuza betri kabla hujazaliwa, Swabaha. Mtu akikwama porini hatasema lithiamu. Atasema, nilifungiwa kwa Abdulkadiri." Akapangusa kidevu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ndiyo iliyokuwa kali, "Ukitaka kuifunga, ifunge. Lakini si mbele ya duka hili."

Hakuwahi kumwambia binti yake neno kama hilo. Swabaha aliifungasha tena betri, akachukua spana zake na mita, akavuka barabara mpaka kwa Erasmus, Mhangaza mmoja mchomeleaji wa mageti, akamwomba nafasi uani.

Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alifungua waya hasi kwanza, kisha chanya, akaitoa betri ya zamani kwa mikono miwili na kuipeleka nyuma ya duka la baba yake. Mpya ilipokaa kwenye kitako cha zamani ilionekana kama sambusa moja kwenye sahani ya harusi. Ilicheza huku na huku. Kwenye barabara zetu kitu kinachocheza hukatika, na betri ikikatika inaweza kugusa boneti na kuwasha moto. Kwa hiyo alimchorea Erasmus kwa chaki kitako kipya cha alumini, chenye kingo nne na mkanda wa juu.

Erasmus alikitengeneza, Swabaha akakirudisha.

"Ukingo huu umepinda."

"Dada, umepinda kiasi cha unywele."

"Nywele za nani? Za kwangu ni nyembamba zaidi."

Erasmus alicheka, akakata kingine. Kile kilikaa sawasawa. Swabaha alitandika mpira chini yake ili kunyonya mtikisiko, akakaza nati, akavisha ncha ya chanya kifuniko chake chekundu. Akashika betri, akaitikisa kwa nguvu zake zote mpaka gari zima likayumba. Betri haikusogea. Kisha akawasha injini, akaweka mita, akasoma volti kumi na nne na kidogo, injini ikiwa inanguruma taratibu. Ilikuwa sawa. Akafunga boneti.

Mhoja alilipeleka Swala mpaka njia panda ya Lusahunga, akarudi anang'aa. Aliteremka kabla hata gari halijatulia.

"Linageuka! Fundi, naligusa tu usukani, linageuka! Umelifanyaje?"

Swabaha alitazama ng'ambo ya barabara. Baba yake alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Aliingia ndani.

*

Mambo yaliharibika wiki ya mashindano yenyewe. Mhoja alikwenda kufanya mazoezi, safari hii mbali, akiikimbiza injini kwa nguvu kwenye lami ya kuelekea Nyakahura. Huko gari lilizima ghafla kama mshumaa uliopulizwa. Hakuna taa, hakuna stata. Alikaa kando ya barabara katikati ya msitu, malori ya kwenda Rusumo yakimpita. Baada ya muda alijaribu tena, likawaka kama hakuna kilichotokea. Alipofika karibu na Lusahunga likazima mara ya pili.

Alimaliza safari kwa kuvutwa kwa kamba nyuma ya lori la mkaa. Hivyo ndivyo Swala alivyoingia Biharamulo mchana kweupe, na hivyo ndivyo habari zilivyoenea. Kabla ya jua kuzama mji mzima ulikuwa unajua kwamba betri ya Swabaha ni ya kuchezea watoto.

Mhoja hakumlaumu, na hilo lilimwuma zaidi. Alisema tu, "Fundi, Jumamosi ndiyo mashindano. Nirudishie ile ya zamani, nitakwenda na pua nzito hivyo hivyo."

"Nipe kesho nzima," alisema Swabaha.

Aliipima betri, nzima. Aliwasha gari, akapima chaji, volti kumi na nne na kidogo, kama mwanzo. Akakagua kila waya. Hakuona kosa, na fundi asiyeona kosa ni kama mgonjwa asiyejua panapouma. Usiku ule alikula kidogo. Mama yake, Bi Mwanamvua, alimwambia, "Hata baba yako kaacha nusu ya wali. Sijui mnashindana."

Asichokijua Swabaha ni kwamba jioni ile baba yake alikuwa kinyozini, na kinyozi mwenyewe, Saidi, alisema kwa utani kwamba duka la Abdulkadiri sasa linauza betri za rimoti. Mzee alivua shuka shingoni, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu.

"Binti yangu akikosea anarudia mpaka apate," alisema. "Nimemwona akirudia tangu ana miaka saba. Wewe umeme wa mashine yako ukikatika unamwita nani?"

Saidi aliinama kupangusa mashine yake, maana aliyekuwa akimwita ni Swabaha. Mzee aliondoka, kofia ikiwa imefunika upande usionyolewa. Hakumweleza mtu nyumbani. Ni Saidi mwenyewe aliyekuja kulisimulia baadaye.

Asubuhi Mzee alikwenda nyuma ya duka. Betri ya zamani ya Swala ilikuwa pale ilipoachwa, ukutani. Aliitambua, yeye ndiye aliyeiuza, akimuuzia Mhoja mwaka uliopita. Pengine alitaka tu kuhakikisha kwamba ipo tayari kurudishwa. Aliinama, akashika mkanda, akainua. Akasimama nayo hivyo hivyo, mkono ukining'inia. Akaishusha, akainua tena.

Kisha akatoka, akavuka barabara. Swabaha alikuwa amelala chini ya gari uani kwa Erasmus, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Swabaha. Toka huko, uje ushike kitu."

Alitoka, uso una vumbi, wakafuatana mpaka nyuma ya duka. Mzee alimwonyesha betri ile.

"Inyanyue."

Swabaha aliinyanyua. "Ni nzito, Baba."

"Kwako. Nyanyua na hii." Akamsogezea nyingine ya aina ile ile, mpya, kutoka rafuni. Swabaha alichukua moja kila mkono. Alifumba macho. Ya zamani ilikuwa nyepesi kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine asingekihisi.

"Imepungua," alisema.

"Imepungua. Risasi haiyeyuki, mwanangu. Kilichopungua ni maji. Yule kijana alikuwa anakuja kununua maji ya betri kila mara, na mimi nilimuuzia nikafurahi. Sikumwuliza betri inakunywa kwa nini." Aliifungua vifuniko kwa sarafu. Ndani kulikuwa kukavu, vibao vikiwa wazi. "Hii ilikuwa inachemshwa. Kwa nini ilichemka sijui. Gari limo mikononi mwako, si mwangu."

Swabaha aliitazama betri iliyokauka. Kisha akaondoka mbio, akiwa ameshaanza kusema peke yake. Mzee alimfuata kwa hatua za mtu mzima.

"Nimepima chaji injini ikinguruma taratibu!" alimwambia alipofika. "Mara zote mbili, taratibu. Sikukanyaga mafuta. Mhoja yupo wapi? Erasmus, ingia wewe, washa, halafu kanyaga mafuta nikikwambia."

Erasmus aliwasha. Mita ilisoma kumi na nne na kidogo.

"Kanyaga!"

Injini ilipiga kelele. Namba kwenye mita zikaanza kupanda. Zikapita kumi na tano, zikafika kumi na tano na nusu, zikaendelea. Kisha taa zote za gari zikazima kwa pamoja na injini ikakata.

Swabaha alimgeukia baba yake, macho yakimetameta.

"Haikuharibika, Baba. Betri haijaharibika! Ndani yake kuna kibao kidogo cha ulinzi. Ikiletewa umeme kupita kiasi inajifungia mlango isiungue, ikipoa inafungua. Ile ya zamani haikuwa na mlango. Ilichemka tu na kunyamaza."

"Kwa hiyo tatizo lilikuwepo siku zote."

"Siku zote. Altaneta inachaji kupita kiasi gari likikimbia. Regyuleta yake imekufa, haizuii umeme kuzidi. Hii mpya ndiyo ya kwanza kusema."

Mzee Abdulkadiri aliinama juu ya injini. Aliitazama betri ile ndogo ndani ya kitako chake cha alumini, akaigusa kwa kidole, akautikisa mkanda uliofungwa na binti yake. Haukucheza. Alitazama nati moja moja, na mpira uliotandikwa chini, na kifuniko chekundu kilichovishwa kwenye chanya. Alichukua muda mrefu, na Erasmus, aliyemjua Mzee tangu utoto, anasema hajawahi kuona mtu akitazama kazi ya fundi vile.

"Kitako hiki umekichora wewe?"

"Mimi, Baba. Kakata Erasmus."

"Mara mbili," alisema Erasmus.

Mzee aliinuka. "Likokoteni gari hili mpaka mbele ya duka. Kazi kama hii haifanyiwi uani kwa mageti. Erasmus, usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri, Mzee."

Wakalisukuma Swala kuvuka barabara, watu watatu, Mzee akisukuma kwa bega. Ndani ya duka, kwenye makopo ya vipuri ambayo marehemu babu ndiye aliyeanza kuyapanga, walitafuta regyuleta ya kufaa, mpaka Mzee akaipata chini kabisa, mpya, ikiwa bado ndani ya karatasi yake ya mafuta. Swabaha aliifungua altaneta mezani, akaitoa iliyokufa, akafunga hiyo. Walipowasha, mbele ya umati ambao nusu yake ulikuja kucheka, Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika mita na kusoma kwa sauti. Erasmus alikanyaga mpaka moshi ukatoka. Namba haikupita kumi na nne na nusu.

"Imesimama," alisema Mzee. Akaigeuza mita ili waliokuwa nyuma nao waone. Saidi kinyozi alikuwepo, na Mzee alihakikisha kwamba ameona.

*

Jumamosi kilima cha kuingilia Ngara kilijaa watu kutoka chini mpaka juu. Walikaa kwenye kingo za barabara, wakila mahindi ya kuchoma, simu mkononi. Kule chini yalipangwa magari, na madereva wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akipimiwa muda wake. Kila gari lilipanda mara mbili, na muda mzuri zaidi ndio uliohesabiwa.

Swabaha alikuwa kwenye mstari wa kuanzia na begi lake. Baba yake alikuja kwa lori la Mhoja, lililoendeshwa na Erasmus, likiwa limebeba matairi na mafuta. Ndani ya lori alikuwepo pia Mama Yuster, aliyepandia njiani. Hakuna aliyemwita. Alisema anakwenda Ngara kwa shughuli zake, lakini alipofika aliketi kwenye majani karibu na Mzee na hakuonekana kuwa na shughuli yoyote.

"Mwangaluka, mayu," Swabaha alimwamkia kwa Kisukuma alichokijua.

"Mwangaluka, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwekea kijana wangu ile betili?"

"Ndiye mimi."

"Haya," alisema Mama Yuster, akamtazama toka juu mpaka chini.

Safari ya kwanza Mhoja alipanda vizuri, lakini Mrundi mmoja aitwaye Nahimana, mwenye gari la injini ndogo kama yake, alimzidi. Mhoja alirudi chini anahema. "Kona ya tatu niliogopa," alimwambia Swabaha. "Linageuka upesi kuliko nilivyozoea. Sasa nimeshalijua."

Safari ya pili alipofika mstarini, msimamizi aliinua bendera, kisha akaishusha. Kule juu, kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu lilikuwa limeingia barabarani, na mchungaji wao hakuona sababu ya kuwaharakisha. Injini zikaamriwa kuzimwa. Mhoja alizima. Lakini injini ya Swala ilikuwa imechemka kwa mbio, na feni yake ikaendelea kuzunguka yenyewe, ikila umeme wa betri.

Swabaha aliisikia ile feni kuliko kelele zote za pale. Betri nyepesi ina nguvu ya kupiga stata, lakini akiba yake ni ndogo, ndivyo ilivyoumbwa. Alikuwa amemkanya Mhoja asiache kitu chochote kikiwaka gari likiwa limezimwa. Lakini feni ile Mhoja hakuweza kuizima. Na sheria zilimkataza fundi kugusa gari lililo mstarini.

"Itaweza?" Mzee alimwuliza. Alikuwa amekuja kusimama ubavuni mwake.

"Itaweza. Akiba yake si kubwa, lakini itaweza. Nimeijaza mwenyewe asubuhi."

"Basi itaweza," alisema Mzee, akatazama mbele.

Ng'ombe walichukua muda wao wote. Ndama mmoja alirudi katikati ya lami, akapigiwa makofi. Feni ilizunguka, ikazunguka, hatimaye ikanyamaza, na Swabaha hakujua kama injini imepoa au umeme umekwisha. Msimamizi aliinua bendera.

Mhoja aligusa ufunguo. Stata ilipiga mara moja, kwa nguvu, na injini ikapokea.

Swabaha hakusikia kilichosemwa baada ya hapo. Aliona sehemu ya nyuma ya gari jekundu ikipanda, ikapotea kwenye kona ya kwanza, ikatokea juu zaidi. Kona ya tatu ilionekana wazi kutoka pale chini. Gari la Nahimana lilipofika hapo lilikuwa limeteleza mpaka ukingoni. Swala aliingia akiwa upande wa ndani, karibu na ukuta wa udongo, pua ikafuata usukani kama uzi unavyofuata sindano, akatoka upande wa pili bila kupunguza. Watu waliokaa pale juu walisimama wote.

Muda ulipotangazwa, Mhoja alikuwa wa kwanza katika kundi la injini ndogo. Magari mawili tu ya injini kubwa, yote ya Bukoba, ndiyo yaliyomzidi siku nzima.

Mama Yuster hakungoja kuelezwa. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, wanawake wasiomjua wakampokea, na kilima chote kikaitikia. Kisha akamgeukia Mzee Abdulkadiri.

"Ndiye mwanangu yule."

"Namjua. Na fundi wake ni mwanangu."

"Basi sote tumezaa," alisema Mama Yuster, na wakapeana mikono kama watu waliomaliza kuozesha watoto.

Nahimana alikuja mwenyewe, kofia ya chuma kwapani, akampongeza Mhoja. Akaomba boneti ifunguliwe. Alichungulia, akauliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, "Betri iko wapi?" Swabaha alipomwonyesha alipiga mluzi. Akataka kujua inavumiliaje mtikisiko, inachajiwa vipi, nani kaifunga. Swabaha alieleza yote, pamoja na habari ya altaneta, hakuficha kitu. "Kabla hujaweka ya kwako," alimwambia, "pima chaji ukiwa umekanyaga mafuta. Usipime taratibu tu kama nilivyofanya mimi." Madereva wengine walisogea, kukawa na duara. Mzee alibaki nje ya duara lile. Alisikiliza mpaka mwisho, na kila dereva mpya alipokuja akamsogezea nafasi apite mbele.

Jioni walianza kufungasha. Kiti cha abiria kilirudishwa ndani ya Swala, na Mhoja akamwambia Swabaha, "Fundi, panda. Leo unarudi Biharamulo kifalme."

Swabaha alitazama kile kiti, kisha akamtazama baba yake, aliyekuwa anahangaika kupanda ngazi ya lori.

"Mpandishe Mzee," alisema.

"Mimi?" alisema Mzee Abdulkadiri. "Nitaingiaje kwenye kitu kile? Kinataka mtu aketi kwanza ndipo aingie."

Lakini alikuwa ameshaiachia ngazi. Walimsaidia, Erasmus mguu, Mhoja mkono, mpaka akaketi, magoti yakiwa karibu na kifua, kanzu ikiwa imekusanywa mapajani. Alifungiwa mikanda miwili inayopishana kifuani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kutulia na hawezi.

"Taratibu," alimwambia Mhoja. Kisha, mlango ulipofungwa, akasikika akiongeza, "Mpaka tutoke kwenye watu."

Swabaha alipanda lori na Mama Yuster, ambaye alishika kikapu cha ndizi magotini na kuzungumza juu ya mwanawe njia nzima, tangu alivyozaliwa. Walikuwa wamefika mbali, barabara imenyooka na jua liko nyuma yao, Erasmus aliposema, "Hao wanakuja. Walisimama kununua nini sijui."

Gari jekundu lilitokea nyuma, likawasha taa, likawapita. Lilipita upesi, lakini Swabaha alimwona. Mzee Abdulkadiri alikuwa amefungua kioo. Mkono mmoja umeishika kofia kichwani, ule mwingine ameutoa nje akiwapungia, anacheka kwa meno yote, na anapaza sauti kusema kitu ambacho upepo ulikichukua.

"Kasema nini?" aliuliza Mama Yuster.

"Sijasikia," alisema Swabaha. Alikuwa amesimama nusu kwenye kiti, kichwa nje ya dirisha, akiwatazama wakipungua mbele kwenye lami. "Erasmus, ongeza mafuta kidogo."

"Hili lori, dada?"

"Kidogo tu. Nataka kuwaona."